Tatizo la nyumba ya chini ya ardhi ni maji, wala si giza

Kwa Mhariri,

Nimesoma kwa makini barua ya msomaji mwenzangu aliyependekeza kwamba wakazi wa Nairobi wahimizwe kujenga nyumba zilizochimbiwa ardhini, kwa hoja kwamba nyumba za aina hiyo huwa na ubaridi wakati wa jua kali na joto wakati wa kipupwe, na kwamba udongo haununuliwi. Huu ni mwaka wa tisa nikiishi katika nyumba ya namna hiyo hapa Uthiru, kwa hiyo jirani zangu watashangaa kuona kwamba ni mimi, wala si wao, ninayetaka kumpunguzia ndugu huyo kasi. Sijutii kuijenga, na nikirudishiwa kiwanja kilekile nitaichimba tena. Ila sababu alizozitoa si sababu za Nairobi, na anayejenga kwa sababu ya watu wa kwingine ni rahisi kujenga mahali pasipofaa.

Kipande changu cha ardhi ni mteremko mkali unaoshuka hadi bondeni, na wakati wa kugawana urithi ndugu zangu wawili walikikataa mbele ya wazee, mmoja wao akisema kwamba hata mbuzi akilishwa pale sharti afungwe kamba asije akabiringika. Fundi wa kwanza niliyemwita alinipigia hesabu ya kujenga ukuta wa mawe upande wa chini na kujaza vifusi hadi kiwanja kisawazike, na hesabu hiyo ilikaribia bei ya nyumba nzima kabla ya kuwekwa hata jiwe moja la chumba. Wa pili alikuwa mzee aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kujenga matangi ya maji ya chini ya ardhi. Aliutazama mteremko, akapanda akashuka, akachota udongo mwekundu akaufinyanga kiganjani, kisha akaniuliza, "Mwalimu, badala ya kuujaza mlima huu, mbona usiuingie?" Basi nikauingia. Nyumba yangu ina sebule na vyumba vitatu vya kulala, kuta zake tatu zimefukiwa, juu ya paa kuna udongo wa kina cha sentimita 40 hivi uliopandwa nyasi na viazi vitamu, na ni upande mmoja tu, ule unaotazama bonde, wenye mlango na madirisha. Upande huo umeelekea kaskazini. Hiyo ilikuwa bahati ya mteremko, lakini leo ningeichagua kwa makusudi, kwa sababu Nairobi iko kusini kidogo ya ikweta, na katika miezi ya Juni na Julai, baridi inapotuuma, jua huegemea kaskazini likatuingilia dirishani asubuhi na alasiri.

Nianze na suala la joto, ambalo ndilo nguzo ya barua ya ndugu yangu. Mfano unaotajwa sana ni mji wa Coober Pedy, kusini mwa Australia, ambako wachimbaji wa vito vya opali waliamua kuishi ndani ya mashimo baada ya opali kugunduliwa huko mwaka 1915, na ambako hadi leo karibu nusu ya wakazi hulala chini ya ardhi. Watu hao wana haki. Kiangazi chao hupita nyuzi 40 za Selsiasi, ilhali ndani ya mwamba joto husimama penye nyuzi 23 hadi 25 mchana na usiku. Huko Matmata, Tunisia, Waberiberi walichimba ua mpana ulioshuka chini kama kisima, kisha wakatoboa vyumba katika kuta za ua huo, wakiukimbia moto uleule wa jangwa. Siri ni kwamba udongo hupitisha joto polepole mno. Jua la mchana na baridi ya usiku huishiwa nguvu kabla ya kufika kina cha mita moja, na ukizidi kushuka unakuta kiwango kinachokaribiana na wastani wa mwaka mzima wa mahali hapo.

Sasa, wastani wa Nairobi ni upi? Ni karibu nyuzi 19. Jiji letu liko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari na halina kiangazi cha nyuzi 40 wala majira ya theluji, na nyumba ya kawaida ya mawe, yenye dari na madirisha ya kutosha, hukalika mwaka mzima bila kiyoyozi na bila kipasha joto. Kipimajoto nilichotundika ukutani mwa ukumbi husoma kati ya nyuzi 18 na 21 iwe Februari au Julai, jambo ambalo ni zuri kulisimulia, lakini Julai hiyo hiyo mke wangu huvaa sweta ndani ya nyumba kama jirani yake anayeishi juu ya ardhi. Umeme ambao ndugu yangu anatuahidi kwamba tutauokoa ni umeme ambao wengi wetu hatukuwa tukiutumia. Faida niliyoipata mimi ni nyingine: ardhi iliyokataliwa imekuwa makao, juu ya vichwa vyetu kuna bustani, na kelele za Waiyaki Way pamoja na makesha ya kila Ijumaa hutufikia kama mambo yanayotendeka katika kaunti nyingine.

Watu walinicheka, na sikuwalaumu. Mwanzoni nyumba yangu iliitwa handaki, baadaye ikaitwa kaburi, kisha watoto wa mtaa wakaipa jina ambalo limedumu: Kwa Fuko. Hata hivyo jambo lenyewe si geni katika pande zetu. Masimulizi ya Wakikuyu huwataja Wagumba, watu wafupi waliowatangulia katika misitu ya nyanda za juu na ambao husemwa waliishi mashimoni. Katika Mlima Elgon familia zilikaa mapangoni pamoja na ng'ombe wao, na msafiri Joseph Thomson aliwakuta humo mwaka 1883. Wairaqw wa Mbulu, nchini Tanzania, walikuwa wakichimba nyumba ubavuni mwa kilima hadi paa lake lilingane na ardhi, ili waporaji wa mifugo wapite bila kuiona. Na hapa hapa jijini, msituni Karura, yapo mapango yanayokumbukwa kuwa maficho ya wapiganaji wa Mau Mau. Nimegundua kwamba wengi wa hawa walikuwa wakimkimbia mtu, na pengine ndiyo sababu hadi leo ukimwambia Mkenya kwamba unaishi chini ya ardhi, swali lake la kwanza huwa ni nani anayekutafuta.

La pili huwa ni giza. Giza ni jambo dogo. Dirisha kubwa upande wa mbele, rangi nyeupe, na vidirisha viwili vya kioo kizito paani vililimaliza. Jambo kubwa, ambalo barua ile haikuligusa hata kwa sentensi moja, ni maji.

Mzee wa matangi alinifunza kwamba nyumba ya namna hii ni tangi linalofanya kazi kinyume, kwa maana tangi huzuia maji yasitoke na nyumba huyazuia yasiingie, lakini maji yenyewe ni yale yale na hayachoki. Nairobi hupata mvua ya takriban milimita 1,000 kwa mwaka, nyingi yake ikianguka kati ya Machi na Mei na kati ya Oktoba na Desemba. Paa langu lina ukubwa wa mita za mraba 90, kwa hiyo kwa mwaka hupokea lita 90,000 hivi, na hayo ni mbali na maji yanayoteremka kutoka mashamba ya juu yangu. Udongo mwekundu huyanywa maji upesi, kisha huyapitisha chini kwa chini hadi yakute ukuta. Yakiachwa yasimame pale yakajaa, kila mita moja ya kina huongeza tani moja ya msukumo kwa kila mita ya mraba, hivi kwamba chini ya ukuta wa mita 3 kuna tani 3 zinazosukuma usiku kucha. Hakuna plasta wala rangi ya dukani itakayoshindana na nguvu hiyo. Ndiyo maana fundi anayejua kazi hashindani nayo, bali huyapa maji njia. Ukuta wangu ni wa zege lenye vyuma, nje yake umepakwa lami, juu ya lami kuna polithini nzito, kisha kuna tabaka la kokoto linaloshuka hadi kwenye bomba lenye matundu lililolazwa chini kuliko sakafu, nalo bomba hilo limeinamishwa hadi likatokea nje upande wa bonde. Juu kabisa, kabla ya paa, kuna mtaro unaoyakata maji ya mlima na kuyapeleka kando.

Kati ya kokoto na udongo panatakiwa pawe na kitambaa cha kuchujia, ili chembe za udongo zisiingie zikaziba matundu ya bomba. Mimi nilikiweka kwenye kuta mbili. Ukuta wa tatu ulifikiwa fedha zikiwa zimepungua, na msimamizi wa mjengo, ambaye hakuwa yule mzee, akanihakikishia kwamba kokoto peke yake zatosha. Aprili ya mwaka wa pili doa la ukubwa wa sahani lilitokea katika chumba cha watoto, wiki iliyofuata likawa ramani, na kufikia Mei kitanda kilikuwa kimehamishiwa sebuleni. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini ukuta wao ulikuwa unafikika. Wangu ulikuwa nyuma ya udongo wa kina cha mita 3, na ili kuutengeneza ilibidi vijana sita wachimbe kwa majembe wiki tatu, wakiweka mbao na nguzo pande zote mbili ili handaki lisiwaangukie, kwa gharama iliyozidi mara nyingi bei ya kile kitambaa nilichokikwepa. Nayaandika haya bila fahari yoyote.

Uzito wa somo hilo niliuona tena alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024, karibu na Mai Mahiu, ambako maji yaliyokuwa yamezuiliwa na tuta la reli yalivunja njia na kuwaua makumi ya watu waliokuwa usingizini. Ukuta wa nyumba si tuta la reli, lakini maji yaliyonyimwa pa kupitia hayabagui. Katika mafuriko ya miezi hiyo bomba langu lilitiririka mchana na usiku, na liliendelea kutiririka siku kadhaa baada ya mvua kukatika, huku chumba cha watoto kikiwa kikavu.

Kuhusu madai kwamba udongo ni bure, naomba kuongeza neno moja kwamba udongo ni bure kuuchimba lakini ni ghali kuubeba. Udongo ulioloa una uzito wa karibu tani 1.8 kwa mita moja ya ujazo, na kwa hiyo paa langu limebeba tani 65 hivi, sawa na kuegesha juu ya kitanda changu matatu thelathini na zaidi za abiria 14, zikiwa tupu. Slabu ya kubeba mzigo huo, pamoja na vyuma vyake, ilinigharimu zaidi ya kuta zote nne. Nani amesema ni nyumba ya maskini? Wala mtu asidanganyike na jinsi udongo wetu mwekundu unavyosimama wima kama ukuta wakati wa kiangazi, akaamua kutoboa chumba bila zege. Katika mkoa wa Shaanxi, China, ambako hadi leo mamilioni ya watu huishi katika nyumba zilizochongwa ndani ya udongo mtupu, tetemeko la mwaka 1556 linakadiriwa kuwaua watu 830,000, na wengi wao waliangukiwa na dari hizo za udongo. Sisi nasi tuko ukingoni mwa Bonde la Ufa, na tetemeko la Subukia la tarehe 6 Januari 1928, lenye kipimo cha 6.9, halijawa historia ya kale kiasi cha kusahauliwa na wanaochora nyumba.

Hewa nayo ina mambo yake. Msimu wa mvua ndefu, hewa yenye unyevu ikiingia na kugusa ukuta wa nyuma ulio baridi, hugeuka umande, na usipoangalia utakuta kuvu nyuma ya kabati na viatu vilivyoota manyoya. Tuliiacha nafasi ya kiganja kimoja kati ya kila kabati na ukuta, na nyuma kabisa ya ukumbi tukajenga dohani ya hewa inayotokeza juu ya bustani, ili hewa iingie kwa mbele na kupandia huko. (Tumeifunika kwa wavu tangu siku mtoto mmoja wa jirani alipotaka kujua sufuria yetu iko umbali gani kwa kutumia jiwe.) Dohani hiyo si pambo. Mawe na udongo hutoa gesi ya radoni, ambayo haionekani wala hainuki, na ambayo hujikusanya katika vyumba vilivyo chini ya ardhi visivyopitisha hewa na kuleta hatari ya saratani ya mapafu. Shirika la Afya Duniani limependekeza kiwango kisizidi bekereli 100 (bekereli ni kipimo cha mionzi) kwa mita ya ujazo inapowezekana. Na kuna hatari iliyo karibu zaidi nasi. Jiko la makaa likiingizwa ndani usiku wa baridi huua hata katika nyumba ya mabati yenye nyufa, sembuse katika nyumba ambayo kuta zake tatu hazina dirisha. Kwangu jiko la makaa halivuki kizingiti, hata mgeni awe nani. Tena kila chumba cha kulala kina njia ya pili ya kutokea, kwa sababu nyumba yenye uso mmoja ikishika moto mlangoni haina kwa kukimbilia.

Baada ya hayo ndipo niulize, ni wapi Nairobi nyumba hii inafaa? Inafaa penye mteremko na udongo mwekundu, yaani Kabete, Uthiru, sehemu za Dagoretti na mabonde ya pande za kaskazini na magharibi, ambako maji yana pa kushukia kwa uzito wao wenyewe. Haifai Embakasi wala Syokimau wala Kitengela, kwenye ule udongo mweusi ambao mafundi huuita bleki kotoni, kwa kuwa udongo huo hufura ukiloa na kupasuka ukikauka, na kila mwaka utausukuma ukuta wako na kuuachilia kama mtu anayeng'oa jino. Tena mahali tambarare maji hayana njia isipokuwa pampu, na choo kikiwa chini kuliko bomba la maji taka la mtaa nacho kitahitaji pampu, na siku stima ikipotea nyumba nzima itajua.

Ninayo hofu nyingine, na kwa kweli ndiyo iliyonifanya nichukue kalamu. Zipo ploti katika jiji hili ambako vyumba vya beismenti, vilivyokusudiwa kuwa vya magari au ghala, vinapangishwa kwa watu, mlango mmoja, dirisha hakuna, na maji yakipanda kutoka sakafuni kila Aprili. Sifa za nyumba za chini ya ardhi zikianza kuimbwa magazetini bila masharti, wenye ploti hizo watakuwa wa kwanza kuitikia wimbo. Chumba kama hicho hakina undugu na nyumba iliyojengwa ubavuni mwa kilima, yenye jua la asubuhi, dohani na bomba la kutoa maji, hata kama zote mbili ziko chini ya usawa wa barabara.

Kwa wanaoidhinisha ramani nina ombi, nami nalitoa kwa heshima. Nilipopeleka yangu, ofisi husika iliirudisha kwa sababu haikuwa na michoro ya pande nne za nyumba, nami nikaeleza kwamba nyumba yenyewe ina upande mmoja, nikaambiwa kwamba fomu inataka minne. Miezi mitatu ilipita hadi mchoraji wangu alipochora mistatili mitatu mitupu, akaandika ndani ya kila mmoja neno "udongo", nayo ikapitishwa wiki hiyo hiyo. Hakuna aliyeniuliza matokeo ya kupima udongo, hakuna aliyeniuliza njia ya pili ya kutokea, na hakuna aliyetaka kuona maji yatatokea wapi. Mchoro huo mmoja, wa njia ya maji kutoka mtaro wa juu hadi mdomo wa bomba bondeni, ungetakiwa kabla ya mingine yote, na asiyeweza kuuchora kwa kiwanja chake ashauriwe kujenga juu ya ardhi kama majirani zake.

Nayo barua ya ndugu yangu ilimalizia kwa kusema kwamba angependa siku moja kuitembelea nyumba ya aina hii. Karibu sana Kwa Fuko. Akifika Uthiru ataje jina hilo na mtoto yeyote atamwelekeza. Ila namwomba asije Januari, wakati ambapo hata shimo la mchwa hupendeza. Aje Aprili, mvua ikiwa imenyesha siku tatu mfululizo, avae buti, nami nitamshusha kwanza bondeni kwenye mdomo wa bomba kabla ya kumkaribisha chai.

Mwalimu mstaafu,
Uthiru, Nairobi